Boksi la katuni alilokuachia bibi, na ukweli kuhusu Matt Baker

"Shikamoo mwalimu. Naishi Columbus, Ohio, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Bibi mmoja niliyekaa naye karibu miaka mitatu amefariki, watoto wake wakati wanasafisha nyumba wakanipa boksi la vitabu vya katuni vya zamani wakasema mpelekee kijana wako, maana bibi alikuwa anajua anapenda kuchora. Viko 14. Kimoja kimeandikwa Canteen Kate, vingi ni Teen-Age Romances, kimoja hakina jalada kabisa. Mwanangu ana miaka 13, kachimba intaneti akaja ananiambia mama hivi kachora mtu mweusi anaitwa Matt Baker, kwamba alikuwa anaficha rangi yake ndo maana hakuweka jina, kwamba ndiye mweusi wa kwanza kuchora katuni Marekani, na kwamba serikali ilifungia vitabu vyake akafa maskini kwa huzuni. Mimi nikifungua humo ndani naona wasichana weupe tu wanalilia mapenzi, mweusi hayumo hata mmoja. Ni kweli haya? Alafu mwenzangu wa kazini kasema kuna daktari zamani alithibitisha katuni hizi zinaharibu watoto, sasa nimnyang'anye? Na kuna jirani kashatoa ofa dola 60 kwa boksi zima. Nifanyeje?"

Marahaba mama, na pole sana kwa kuondokewa na bibi, miaka mitatu ya kumwogesha mtu na kumlisha si mchezo, huyo alishakuwa ndugu. Nianze na la haraka kabla ya historia: usimpe jirani hilo boksi. Simaanishi jirani ni mwizi, inawezekana hata yeye haelewi anachonunua, ila usiuze kitu ambacho bado hujakijua, na ukishaelewa kilichomo utaamua mwenyewe kwa utulivu. Dola 60 haziendi popote.

Sasa tuje kwa kijana wako. Mwambie nampongeza, jambo kubwa kalipata sawasawa kabisa. Canteen Kate ni kazi ya Matt Baker, na Teen-Age Romances ilitolewa na kampuni ya St. John ya New York ambako Baker ndiye alikuwa mkono mkuu, majalada mengi ya pale kachora yeye na hadithi nyingi za ndani pia. Na ndiyo, alikuwa mtu mweusi. Ila hayo mengine matatu, kwamba alijificha, kwamba ndiye wa kwanza, na kwamba serikali ilimfungia akafa kwa huzuni, hayako hivyo, na ningependa mtoto ayajue vizuri kwasababu ukweli wenyewe unamfundisha mchoraji mdogo mambo mengi kuliko hiyo stori ya mitandaoni.

Clarence Matthew Baker alizaliwa Desemba 1921 kule Forsyth County, North Carolina, upande wa mashamba ya tumbaku, na bado mdogo familia ikahamia Pittsburgh, kama walivyofanya weusi wengi sana miaka ile waliokimbia kusini kwenda kutafuta kazi za viwandani na kupumua kidogo. Utotoni alipata ile homa ya baridi yabisi inayoanza kama koo la kawaida tu, mtoto anauguaugua wiki moja anapona, kumbe mwili katika kupigana na vijidudu umeanza kushambulia vali za moyo wenyewe, yani vile vimilango vinavyopitisha damu moyoni. Wewe kwa kazi yako hii nadhani umeshaona wazee wenye makovu ya hivyo moyoni. Miaka ile penisilini ilikuwa bado haijafika kwa watu, kwaiyo mtoto anakua na moyo mbovu basi. Hilo likumbuke maana litarudi.

Moyo huo ndo ulimzuia kwenda vita ya pili ya dunia. Alimaliza sekondari 1940, akafanya kazi Washington kwa muda, alafu akaenda New York kusoma sanaa kwenye chuo cha Cooper Union, na mwaka 1944 hivi akabisha hodi kwenye studio ya Jerry Iger. Iger alikuja kuhadithia miaka mingi baadae kwamba yule kijana aliingia mtanashati, amevaa vizuri, na sampuli aliyobeba ilikuwa moja tu, mchoro wa rangi wa msichana mrembo. Mchoro mmoja! Ruth Roche, mhariri wa pale na mshirika wa Iger, akautazama akakubali, na Baker akapewa kazi ya kuchora mandhari ya nyuma, yani miti, kuta, meza, vitu ambavyo msomaji hata haviangalii. Novemba 1944 tayari mkono wake uko kwenye hadithi ya Sheena, yule malkia wa msituni, katika Jumbo Comics namba 69.

Hapo ndo nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo jibu la "kwanini hakuweka jina" lilipo. Kitabu cha katuni miaka ile kilitengenezwa kama gari kiwandani. Mchapishaji hakuwa na wachoraji, alikuwa na pesa na karatasi, anapiga simu studio kama ya Iger anasema nataka kurasa kadhaa za msituni na kadhaa za ndege za kivita, mwisho wa mwezi ziwe mezani. Pale studio mmoja anaandika, mwingine anachora kwa penseli, mwingine anapita na wino juu, mwingine anajaza nyumba na miti, mwingine kazi yake ni kuandika maneno kwenye mapovu tu. Malipo kwa ukurasa, ukishalipwa umeshalipwa, kitabu kiuze nakala laki moja au milioni huongezewi hata senti, na karatasi ile uliyoichora kwa mkono wako hairudi kwako. Na jina? Mara nyingi linawekwa jina la kubuni ambalo ni mali ya kampuni, ili mchoraji akiondoka leo kesho anakaa mwingine kwenye kiti kilekile na msomaji asishtuke. Hadithi za Phantom Lady, yule dada shujaa anayepambana na wahalifu, zilizomtangaza Baker zilitoka kwa jina la "Gregory Page", na huyo Gregory Page hakuwepo duniani.

Kwaiyo mama, kutokuwepo jina si kwamba Baker alijificha. Wenzake wote studio, Wayahudi, Waitaliano, wanawake kama Ruth, majina yao nayo yalimezwa hivyohivyo. Waliofanya naye kazi walimjua uso kwa uso, aliingia ofisini mchana kweupe, alikaa nao meza moja, na zipo kazi alizosaini "Baker" au "Matt Baker" kama mtu yeyote. Kilichomficha ni mfumo. Lakini sitaki pia nikupake mafuta niseme rangi haikuhusika, ilihusika sana, ila kwa namna nyingine. Mfumo huu wa kumeza majina kwa Mwitaliano ulikuwa dhuluma tu, ila kwa mtu mweusi ulikuwa dhuluma na mlango kwa wakati mmoja: mwenye duka la magazeti kule Mississippi au Alabama hakujua anauza mchoro wa mkono mweusi, kwaiyo hakuukataa. Mkono ulipita pale ambapo uso ungezuiwa.

Ukitaka kuona kinachotokea uso ukionekana, angalia mwaka 1947. Mwandishi wa habari mweusi wa Philadelphia, Orrin Evans, alitoa kitabu kinaitwa All-Negro Comics, waandishi weusi, wachoraji weusi, mashujaa weusi, senti 15 wakati vingine vilikuwa senti 10. Toleo la pili likaandaliwa, alafu wauza karatasi waliokuwa wanamuuzia wakagoma kumuuzia tena. Ikaishia toleo moja. Mwaka uleule Baker yuko New York anachapishwa karibu kila mwezi. Mwanao akiuliza kwanini Baker hakuchora watu wake, mweke hapo kwanza afikirie.

Na kusema kweli alichora. Mwaka 1945, Crown Comics namba 3, kuna shujaa wa msituni anaitwa Voodah, na kwenye hadithi ile Voodah ni Mwafrika mweusi, shujaa mwenyewe, si yule mbebamizigo wa nyuma tuliozoea kumuona kwenye katuni za msituni. Alafu anapandishwa kwenye jalada, anapakwa rangi ya mtu mweupe! Na baadae hata humo ndani akageuzwa mweupe. Unaelewa ilivyowezekana? Mchoraji alikabidhi karatasi yenye wino mweusi tu, hakuna rangi. Rangi iliamuliwa baadae, watu wengine wanaandaa mwongozo, na karakana za sahani za uchapishaji, nyingi zilikuwa Bridgeport, Connecticut, zinakata vidoti vya nyekundu, njano na buluu. Kwaiyo uso uliochorwa na Baker ungeweza kubadilishwa kabila bila kuguswa mstari hata mmoja. Fanya hivi leo jioni: chukua lenzi ya kukuzia, ile ya kusomea maandishi madogo ya dawa, uweke kwenye shavu la msichana yeyote humo kwenye boksi. Utaona hakuna rangi ya ngozi pale, kuna vidoti vidogo vyekundu na vya njano vimetawanyika kwenye karatasi. Ukiongeza vidoti anakuwa mweusi, ukipunguza anakuwa mweupe. Mimi kila nikitazama kitu kile huwa nanyamaza kwa muda.

Kuhusu kuwa wa kwanza, hapana. George Herriman, mtu wa New Orleans aliyezaliwa 1880 na cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa ni mtu wa rangi, alichora katuni ya Krazy Kat magazetini miaka mingi, na huyu kweli katika maisha yake ya kazi watu walimchukulia mweupe, jambo lenyewe likajulikana 1971 wakati yeye alifariki 1944. Huenda mwanao amechanganya hadithi hizi mbili, ile ya kuficha rangi ni ya Herriman. E. Simms Campbell alikuwa anachora jarida la Esquire tangu 1933. Ollie Harrington alikuwa na mhusika wake Bootsie kwenye gazeti la weusi Harlem. Na Jackie Ormes, mwanamke, mwaka 1937 alianza kuchora katuni ya Torchy Brown kwenye gazeti la Pittsburgh Courier, na ukihesabu utaona mwaka huo Matt Baker ni kijana wa miaka 15 yuko hapohapo Pittsburgh. Kwenye vitabu vya komiki vyenyewe, yani vitabu vya katuni kama hivi vyako, E. C. Stoner alikuwepo kabla yake. Kinachosemwa kwa haki ni kwamba Baker ndiye mweusi wa kwanza anayejulikana aliyefanikiwa hasa kwenye biashara ya vitabu vya komiki, akawa mtu ambaye wachapishaji wanamtaka na wachoraji wengine wanamuiga.

Na walimuiga kweli. Phantom Lady hakumbuni yeye, mhusika alikuwepo tangu 1941 kwa kampuni nyingine, ila 1947 kampuni ya Fox ilipomchukua mhusika huyo, Baker ndo akamvisha upya, nguo ya buluu na joho jekundu, na tangu hapo huyo ndiye Phantom Lady watu wanayemkumbuka. Alikuwa na jicho la ajabu la jinsi mwili unavyobeba uzito. Mwambie kijana atazame miguu: wachoraji wengi wa wakati ule walisimamisha mtu kama nguzo, Baker anamweka uzito mguu mmoja, nyonga inapanda, bega la upande ule linashuka, alafu kitambaa kinavutika pale tu ambapo mwili unakivuta. Na mikono! Vidole vinachongoka taratibu, kila kidole kina kazi yake, ukificha uso kwa kiganja bado mkono peke yake unakwambia huyu dada anadanganya au ana hofu. Akae na penseli anakili mikono hiyo mwezi mzima, atapata zaidi ya video nyingi tu za mafunzo.

Mwisho wa miaka ya 40 akaingia St. John, akawa msimamizi wa sanaa pale, nafasi ambayo mtu mweusi kuipata katika biashara ile mwaka ule si jambo dogo. Mwaka 1950 wakatoa It Rhymes with Lust, kitabu kidogo cha kurasa 128 kwa senti 25, hadithi moja ndefu ya watu wazima ya siasa chafu kwenye mji wa migodi, waandishi Arnold Drake na Leslie Waller, Baker akichora na Ray Osrin akipiga wino. Leo kinahesabiwa kati ya riwaya za picha za mwanzo kabisa Marekani. Canteen Kate yako ni ya 1952, yalitoka matoleo matatu tu, ni vichekesho vya msichana wa kantini kwenye kambi ya wanamaji. Na hizo za mapenzi nyingi aliandika Dana Dutch, na hapa mama nakuomba uzisome kabla ya kuzihukumu, maana wasichana wake wanakosea, wanatoroka na mvulana asiyefaa, wanarudi nyumbani wamejifunza, na hadithi haiwaadhibu mpaka kuwavunja. Kwa mwaka 1950 ule ni upole mkubwa.

Haya, daktari. Anaitwa Fredric Wertham, daktari wa akili, na mwaka 1954 alitoa kitabu kilichosema komiki zinawapeleka watoto kwenye uhalifu. Moja ya picha alizoweka kama ushahidi ni jalada la Phantom Lady namba 17, la Aprili 1948, kazi ya Baker, dada amefungwa kamba. Mwaka huohuo Seneti ikakaa kusikiliza, wachapishaji wakaogopa. Lakini serikali kuu haikufungia chochote, wachapishaji wenyewe waliungana wakajitungia kanuni na muhuri wa kubandika juu ya jalada, na asiye na muhuri wauzaji wengi hawakumpokea. Hiyo ndo iliyoua kampuni nyingi, woga wa biashara na si sheria.

Kinachoniumiza mimi ni hiki. Wertham huyohuyo mwaka 1946 alifungua kliniki Harlem, kwenye basement, yani chumba cha chini ya ardhi, ya kanisa la St. Philip's, akitibu watu weusi kwa senti 25 wakati hospitali nyingi ziliwapiga chenga, na utafiti wake juu ya madhara ya ubaguzi kwa watoto ulitumika mahakamani Delaware katika kesi zilizoingia kwenye ile ya 1954 iliyopiga marufuku kutenganisha shule kwa rangi. Hakuwa mtu mbaya. Mtu aliyewapigania watoto weusi mahakamani, na palepale kwenye kitabu chake anainua juu kazi ya msanii mweusi kama mfano wa uchafu, na msomaji wa kitabu hicho hakuwa na namna ya kujua mkono ule ni wa nani. Ndo hasara ya kufuta majina. Na kuhusu "alithibitisha", hapana: mtafiti Carol Tilley alipitia makaratasi yake yaliyofunguliwa Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani, na 2012 akaonyesha kwamba maneno ya watoto kwenye kitabu kile yalibadilishwa na kuunganishwa ili yafae hoja. Kwaiyo usimnyang'anye mwanao kwasababu ya Wertham.

Lakini nakuambia pia kwa uwazi, siyo kila kitu humo ni cha miaka 13 kusoma peke yake. Kuna wanawake wamechorwa ili watazamwe, na katika katuni za msituni za enzi hizo kuna Waafrika wamechorwa kwa namna inayotia uchungu, midomo mikubwa, wanaongea kama watoto. Kaa naye, pitieni pamoja, muulize anaona nini. Wewe ni mama yake, unajua kipimo chake.

Alivyokufa: Archer St. John, mwenye kampuni, alifariki 1955, kazi zikapungua, Baker akawa anachora vibarua huku na kule ikiwemo kwa Atlas, kampuni iliyokuja kuwa Marvel, mara nyingi Vince Colletta akipiga wino. Aliendelea kuchora hadi mwisho. Agosti 11, 1959, moyo ule wa utotoni ukasimama, New York, akiwa na miaka 37. Hakufa kwa huzuni mama, alikufa kwa ugonjwa wa moyo. 2009 akaingizwa kwenye Hall of Fame ya tuzo za Eisner, tuzo kubwa za katuni Marekani, miaka 50 baada ya kifo.

Sasa boksi. Nimeangalia picha nne ulizonitumia. Ile ya katikati ya kitabu, pini za stepla zimeota kutu na kutu imeingia kwenye karatasi kama mviringo wa kahawia, hiyo kwa kawaida ni dalili nzuri kwamba ni kitabu cha zamani kweli na si cha kuchapishwa upya juzi. Ukingo nao una manjano, karatasi ya gazeti ina asidi ndani yake inajila yenyewe taratibu. Kwa kila kitabu fungua uangalie yale maandishi madogo sana chini ya ukurasa wa kwanza au nyuma ya jalada, pana jina la mchapishaji, namba na mwezi. Andika kwenye daftari, hata kile kisicho na jalada huenda ukakitambua kwa hapo, kama maandishi hayo yako ukurasa wa kwanza. Ila kuona St. John haitoshi kusema kila ukurasa ni wa Baker, ndani ya kitabu kimoja kuna wachoraji watatu wanne, na kampuni ile ilipenda kurudia picha zake za zamani kwenye matoleo mapya.

Usibandike selotepu popote, hata pale palipochanika, nakuomba. Usipige lamineshi, usifute doa kwa kitambaa cha maji, usikunjue kona kwa nguvu, na usipeleke basement wala juu ya dari, unyevu na joto ndo adui. Nunua mifuko ya Mylar, ile plastiki angavu ya kutunzia karatasi, na vibao visivyo na asidi, ni dola chache, weka kimoja kimoja, kisimame wima ndani ya boksi kwenye kabati la chumba mnacholala. Kijana akitaka kuchora kwa kutazama, piga picha kwa simu achore kwenye picha. Na zaidi ya hapo, hakimiliki za vitabu vingi vya St. John na Fox hazikuhuishwa, kwaiyo viko bure Digital Comic Museum, anaweza kusoma mamia bila kugusa karatasi ya bibi.

Thamani: Phantom Lady namba 17 iliyotunzwa vizuri inakwenda makumi ya maelfu ya dola, lakini hiyo hamna kwenye boksi lako, usianze kuota. Za mapenzi za St. John zenye jalada la Baker zinaanzia makumi kwa zilizochakaa, mamia kwa zilizo nzima, na chache zinafika maelfu. Canteen Kate ina wanunuzi wake. Kisicho na jalada bei inaporomoka sana. Kwa ulichonionyesha, dola 60 ni ndogo mno, lakini bei halisi inategemea hali ya kila kitabu na hilo halionekani kwenye picha ya simu, lazima mtu akishike, ahesabu kurasa, aone kama kuna kilichokatwa au kupakwa.

Na hapo una bahati ambayo watu wa miji mingine hawana. Columbus hapohapo, Ohio State University, kuna Billy Ireland Cartoon Library & Museum, moja ya hazina kubwa kabisa za katuni duniani, na kuingia kwenye maonyesho ni bure. Wapigie, omba nafasi chumba cha kusomea, nenda na kijana. Hawatakutajia bei, hiyo si kazi yao, ila watawasaidia kutambua na kuwaonyesha namna ya kutunza, na huyo mtoto anaweza kuona kwa macho karatasi halisi zilizochorwa kwa mkono, penseli ya buluu ikiwa bado inaonekana chini ya wino. Ukija kuamua kuuza, tafuta tathmini mbili kwa watu wasiojuana, na mtu anayetaka kununua asiwe yeye ndiye anayekutathminia. Vile viwili vitatu vizuri zaidi unaweza kutuma kwa kampuni ya kupima na kutia alama kama CGC, ila inagharimu na kitabu kinafungiwa ndani ya plastiki ngumu, hakisomeki tena bila kukivunja, kwaiyo fanya kama unauza tu. Mimi ningekuwa wewe ningemwachia kijana Canteen Kate na hata hicho kisicho na jalada, ambacho bei yake ni ndogo lakini michoro ya ndani bado ipo.

Kitu kimoja cha mwisho ambacho hukuuliza. Wewe ulikuwa mhudumu wa bibi, na kazi zenu zina masharti juu ya zawadi kutoka kwa familia za wagonjwa. Kabla ya kuuza hata kimoja, waombe wale watoto wake waandike karatasi fupi, tarehe, vitabu 14, wamempa nani na kwanini, wasaini, na kama wakala wako anataka kuarifiwa muarifu. Fanya wiki hii wakati msiba bado uko karibu na kila mtu anakumbuka bibi alisema nini.